Sindano ya Kuzuia Mshipa wa Fahamu: Maumivu Sugu Bila Kisu, na Hukumu Zake katika Fiqhi

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto huona kwanza uzuri wa milima ya Usambara. Anayeishi huko anaujua zaidi uzito wake. Barabara kuu ina lami, lakini mashamba mengi hayako barabarani. Viazi, kabeji, karoti na matunda ya Lukozi, Mlalo, Rangwi na Mtae hutolewa kwenye miteremko kwa kichwa na kwa mgongo mpaka pale gari linapoweza kufika. Maji na kuni hufuata njia hiyo hiyo, na mara nyingi mbebaji ni mwanamke. Jembe nalo hushikwa mtu akiwa ameinama kwenye mteremko, mguu mmoja juu na mmoja chini. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye miteremko hiyo ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, ikaanzia bonde la Mlalo. Miongoni mwa sababu za watu kuupinga mradi ule ilikuwa ni ugumu wa kazi yenyewe, iliyoongezwa juu ya migongo iliyokwisha kuchoka.

Haishangazi, basi, kwamba maumivu ya kiuno, nyonga, goti na bega si habari ngeni huko juu. Tena si huko tu, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Wapo ambao maumivu yao hupita miezi mitatu, na hayo ndiyo matabibu huyaita maumivu sugu. Mgonjwa wa namna hii huanza na dawa ya kuchua, akaenda kwenye chuku au chale, akameza diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuungua, na mwisho akashuka Tanga, Moshi au Dar es Salaam, ambako huenda akasikia habari ya sindano ya kuzuia mshipa wa fahamu. Hurudi kijijini na maswali ya aina mbili. La tabibu ni hili: sindano hii inatibu, au inaua mishipa? La faqihi ni hili: je, yafaa kujiondolea maumivu kwa dawa ya ganzi, na vipi kuhusu funga, udhu na sala ya mtu ambaye mguu wake hausikii kitu?

Wanachuoni wa usuli wana kanuni kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Kwa hiyo tutaanza na tabibu.

Mshipa upi?

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu vingi. Njia ya damu ni mshipa. Kano inayoufunga msuli kwenye mfupa, watu huiita mshipa. Ngiri nayo huitwa mshipa. Na ule uzi mweupe unaopeleka habari kutoka kwenye ngozi na viungo hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo nao ni mshipa, ila tunauongezea "wa fahamu". Kiarabu cha zamani kilikuwa na utata unaokaribiana na huu. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kupitia pajani mpaka kwenye unyayo yaliitwa irqun-nasaa, na neno irqu ni mshipa wa damu, ingawa matabibu walikuwa na neno jingine, asabu, kwa mshipa wa fahamu. Leo inajulikana kwamba maumivu hayo hutoka kwenye mshipa mkubwa wa fahamu wa nyonga, mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Mizizi yake hutoka baina ya pingili za chini za mgongo. Nyama laini iliyo kati ya pingili, yaani diski, ikitokeza na kuubana mzizi mmojawapo, mtu huhisi moto unashuka mguuni ingawa mguu wenyewe hauna kasoro.

Utata huu si wa lugha tu, una madhara. Mtu akisema "nimechomwa sindano ya mshipa", huenda dawa iliingizwa kwenye damu, au ilichomwa kwenye msuli wa tako, au kweli alipata sindano tunayoizungumzia hapa. Mbili za mwanzo husambaza dawa mwili mzima. Hii ya tatu huweka dawa kidogo mahali pamoja, pembeni ya mshipa wa fahamu. Tunasema pembeni, si ndani yake, kwa sababu sindano ikiingia ndani ya uzi wenyewe na dawa ikasukumwa, ndipo mshipa unapoweza kuumizwa.

Kazi ya dawa ya ganzi ni nyepesi kuielewa. Habari ya maumivu husafiri kwenye uzi wa fahamu kama umeme mdogo, na umeme huo huzaliwa pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya uzi kupitia vilango vidogo mno. Dawa hufunga vilango hivyo. Habari hukwama njiani, ubongo haupokei kitu, na mtu husema hasikii maumivu. Damu ikiisafisha dawa, vilango hufunguka tena. Lidokeini hudumu saa moja au mbili hivi, bupivakeini saa kadhaa. Kwa hiyo dawa ya ganzi ya kawaida haiui mshipa, huunyamazisha kwa muda. Mara nyingi huchanganywa na dawa ya jamii ya steroidi, ambayo kazi yake ni kupunguza uvimbe na mwasho unaouzunguka mshipa. Steroidi huchukua siku kadhaa kabla ya kuonesha nguvu, na kwa wale inaowafaa nafuu hudumu wiki kadhaa, pengine miezi.

Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanaijua jamaa ya karibu ya tiba hii, nayo ni sindano ya mgongo inayoua ganzi nusu ya mwili huku mama akiwa macho na akisikia kilio cha mwanawe. Dawa ni ya kundi lile lile. Imani iliyoenea kwamba sindano ile humwachia mwanamke maumivu ya mgongo ya maisha haikuthibitika. Waliochunguzwa kwa muda mrefu wameonekana kuumwa mgongo sawa na akina mama waliojifungua bila sindano hiyo, maana mimba yenyewe, na kumbeba mtoto na ndoo baadaye, ni sababu za kutosha.

Dawa ya saa chache kwa maumivu ya miaka

Msomaji atauliza, kwa haki, dawa inayoisha kabla ya jua kuzama itamfaa nini mtu aliyeumwa tangu mwaka juzi.

Faida ya kwanza ni upelelezi. Mgongo una vitu vingi vinavyoweza kuuma, kama vile diski, vifundo vidogo vya nyuma ya pingili, misuli na kiungo cha nyonga, na picha peke yake haitoshi kumtambua mkosaji. Watu wengi wenye diski zilizotokeza katika picha ya MRI hawaumwi chochote. Tabibu akiuzuia mshipa mmoja unaojulikana, na maumivu yakaondoka kwa muda ule ule wa dawa kisha yakarudi, amepata ushahidi. Baadhi yao hurudia siku nyingine kwa dawa yenye muda tofauti, wakaangalia kama nafuu nayo imebadilika muda. Kwa mtu aliyezoea mlango wa mashahidi wawili katika fiqhi, utaratibu huu hautamshangaza.

Faida ya pili ni ile ya steroidi tuliyoitaja. Ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa, nayo ni fursa. Mtu anayeumwa huacha kutembea, misuli ya mgongo na tumbo hulegea, usingizi hupungua, na uti wa mgongo wenyewe huzoea kupokea maumivu mpaka kitu kidogo huumiza kama kikubwa. Maumivu yakipungua kwa wiki kadhaa, mgonjwa anaweza kuanza mazoezi ambayo hapo kabla hakuyaweza. Asipoyaanza, akarudi siku ya tatu kubeba gunia la viazi kwa kuwa "amepona", fursa imepotea na huenda ameumia zaidi, kwani maumivu yaliyokuwa yakimzuia yamefungwa mdomo.

Sehemu zinazochomwa ni nyingi: kuzunguka goti lililosagika, bega lililoganda, kisogo kwa baadhi ya maumivu ya kichwa, mbavu kwa aliyeachiwa maumivu na mkanda wa jeshi, na ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, nje ya utando unaoufunika, kwa yule ambaye mzizi wa mshipa umebanwa. Kazi hii hufanywa na bingwa wa ganzi au wa mifupa na mishipa ya fahamu, akiongozwa na picha ya eksirei au ultrasaundi ili aone ncha ya sindano ilipo.

Tiba hii isipambwe kupita ilivyo. Kwa maumivu ya mguu yatokanayo na mzizi uliobanwa, tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonesha kuwa sindano ya steroidi mgongoni hupunguza maumivu kidogo na kwa muda mfupi. Kwa maumivu sugu ya mgongo kwa jumla, yasiyo ya saratani wala ya maradhi ya uvimbe wa viungo, jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la kitabibu la BMJ mwezi Februari 2025 lilipinga waziwazi matumizi ya kawaida ya sindano hizi, likisema ushahidi hauoneshi kwamba zinashinda sindano ya uongo. Wapo mabingwa wa maumivu waliolipinga jopo hilo, wakisema limechanganya wagonjwa wa aina mbalimbali. Khitilafu hii ipo, na mgonjwa ana haki ya kuijua kabla ya kuuza mbuzi wake kwa ajili ya nauli na matibabu. Nionavyo, mwenye maumivu ya mguu yenye chanzo kinachojulikana ana sababu ya kuijaribu. Mwenye maumivu ya kiuno tu, yasiyo na chanzo kilichobainika, aanze kwingine.

Kwingine ni wapi? Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo maalumu. Lilihimiza kumwelimisha mgonjwa, mazoezi yenye mpangilio, baadhi ya tiba za mikono, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe zikitumiwa kwa uangalifu. Mikanda ya mgongo na kuvutwa kwa mashine, vitu ambavyo watu hulipia fedha nyingi, havikupendekezwa, wala dawa za jamii ya afyuni. Hakuna katika hayo ya kwanza lisilowezekana Lushoto. Mzigo ugawanywe mara mbili, mbebaji apumzike njiani, jembe liwe na mpini mrefu, na mwendo wa miguu uendelee badala ya kulala kitandani.

Pale sindano inapodhuru

Tuanze na kosa la kawaida kuliko yote, ambalo hata si sindano hii. Mtu anaumwa mgongo, anakwenda dukani au kwa mtu wa mtaani ajuaye kudunga, anachomwa diklofenaki kwenye tako. Mshipa mkubwa wa fahamu wa nyonga hupita humo humo. Sindano ikiingizwa katikati au chini badala ya juu na nje ya tako, huweza kuupiga, na mtu akabaki na unyayo unaoburura maisha yake yote. Watoto wamepata ulemavu huu kwa sindano za homa. Alikuja kutafuta nafuu ya mshipa, akaondoka na mshipa uliokatika kazi.

Ama sindano yenyewe ya kuzuia mshipa, hatari zake ni chache ikifanywa na mjuzi, lakini zipo: maambukizi, kutoka damu ndani, kuumia mshipa, na dawa ya ganzi kuingia kwenye damu kwa wingi ikasababisha degedege au moyo kusita. Kwa sababu hiyo haifanywi mahali pasipo na vifaa vya kuokoa maisha. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na mwenye kisukari lazima aseme mapema. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba sindano za steroidi karibu na uti wa mgongo zimewahi, kwa nadra, kusababisha kiharusi, upofu na kupooza. Miaka miwili kabla ya hapo, nchini humo humo, steroidi iliyotengenezwa katika mazingira machafu ilibeba ukungu. Watu zaidi ya 750 waliugua na wasiopungua 64 walifariki. Ikiwa hayo yametokea kule, sisi tusione aibu kuuliza chupa imetoka wapi na imefunguliwa lini.

Kuna jambo jingine ambalo kwa nchi yetu lina uzito wa pekee. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu, huweza kula pingili za mgongo, na mgonjwa akadhani ni uchovu wa jembe. Steroidi ikidungwa juu ya ugonjwa huo hupunguza kinga na kuufunika, huku mfupa ukiendelea kuoza. Kwa hiyo maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kibiongo kinachoanza kutokeza, yapimwe kwanza. Vilevile mtu ambaye miguu inaishiwa nguvu, au amekufa ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo vimemshinda kuzuia, huyo hana muda wa sindano wala chuku. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Kwa mtu wa Lushoto, hospitali ya wilaya ndiyo mlango wa kuingilia. Rufaa ya mkoa ni Bombo, Tanga. Kwa upande wa kaskazini kuna KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Dar es Salaam kuna MOI, taasisi ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 1996. Nauli na malazi ya safari hizo huumiza kuliko sindano, na mabingwa wa ganzi nchini ni wachache. Ndiyo maana mgonjwa aulize kwanza, kwa simu au kwa barua ya rufaa, kama huduma ipo na inafanywa siku zipi.

Fiqhi ina la kusema juu ya mdungaji. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia kutibu na hali hajulikani kwa utabibu. Wanachuoni wakajenga juu ya hilo mlango mzima. Tabibu mjuzi aliyepewa idhini, akafuata utaratibu wa fani yake, hadaiwi kwa madhara yaliyotokea bila uzembe. Asiye mjuzi hudaiwa fidia hata kama nia yake ilikuwa njema. Mwenye duka anayedunga tako la jirani yake kwa shilingi chache angefanya vyema kuujua mlango huu. Idhini nayo si saini tu, ni mgonjwa kuambiwa kinachofanywa na kinachoweza kutokea.

Kutoka Urwa bin Zubeir hadi leo

Kupunguza maumivu kwa dawa si jambo jipya katika umma. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alihesabu katika Qanun aina kumi na tano za maumivu, akataja dawa za kuleta ganzi kama afyuni na banji, pamoja na tahadhari zake. Az-Zahrawi wa Andalusia, karibu wakati huo huo, alieleza jinsi ya kuchoma kwa chuma cha moto nyonga ya mwenye irqun-nasaa.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha Urwa bin Zubeir, mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, aliyekwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdul-Malik akashikwa na ugonjwa uliokuwa ukila mguu wake. Matabibu wakaamua kuukata, wakampa kinywaji cha kumwondolea fahamu, akakataa. Zipo riwaya kwamba aliusubiria msumeno akiwa katika dhikri, na nyingine zasema alikuwa katika sala. Kisa hiki husimuliwa sana kwenye mawaidha, na wapo wanaokichukua kama dalili kwamba muumini akatae ganzi. Mafaqihi hawakukielewa hivyo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), alipozungumzia mtu anayehitaji kutumia kitu cha kuondoa akili ili akatwe mkono unaoliwa na ugonjwa, alitaja kauli mbili katika madh'hab ya Shafi na akasema iliyo sahihi zaidi ni kujuzu. Ikiwa kuondoa akili yote kwa haja hiyo kunajuzu, kunyamazisha mshipa mmoja wa mguu na akili ikabaki timamu kuko wazi zaidi. Subira ya Urwa ni fadhila yake, si sharti kwa mama mwenye goti lililosagika.

Ganzi ya sindano ilikuja baadaye. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionesha kwamba kokeini hulifisha ganzi jicho. Muda mfupi baadaye William Halsted wa New York aliidunga karibu na mishipa ya fahamu, akijijaribu yeye na wenzake, na mwishowe akawa mtumwa wa dawa hiyo. Mwaka 1898 August Bier wa Kiel, Ujerumani, alifanya ganzi ya uti wa mgongo, naye alipojaribiwa mwenyewe alipata maumivu makali ya kichwa ambayo hadi leo baadhi ya wagonjwa huyapata. Mwaka 1901, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal chini ya Wajerumani, Jean-Athanase Sicard wa Paris aliwadunga kokeini chini ya mgongo wagonjwa wa irqun-nasaa bila upasuaji wowote; tiba tunayoijadili imetokana na hapo. Lidokeini iligunduliwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na steroidi zikaongezwa katika miaka ya 1950.

Funga, udhu na sala

Kuhusu asili ya kujitibu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Jeddah mwezi Mei 1992 likapitisha kwamba hukumu yake hubadilika. Kuna tiba iliyo wajibu, pale kuiacha kunapoangamiza nafsi au kiungo, iliyo sunna, iliyo mubaha, na iliyo makruhu pale madhara yake yanapohofiwa kuzidi ugonjwa. Sindano ya maumivu kwa kawaida huwa katika daraja za katikati. Kufunua mgongo au paja mbele ya tabibu kunajuzu kwa kadiri ya haja, na tabibu wa jinsia moja hutangulizwa akipatikana.

Kuhusu funga, kanuni ya Mashafi ni kwamba kinachobatilisha ni kitu kuingia ndani ya mwili mahali penye uwazi kupitia tundu lililo wazi. Nawawi alitoa mfano unaokaribia sana suala letu. Mtu akitia dawa ndani ya nyama ya muundi, au akachomwa kisu kikafika kwenye uboho wa mfupa, hakufungua, kwa kuwa pale si mahali penye uwazi. Sindano ya goti, bega au nyonga iko humo. Sindano ya mfereji wa mgongo inahitaji maneno zaidi. Mashafi wa zamani waliihesabu dawa inayofika kwenye utando wa ubongo kupitia jeraha kuwa inafunguza, na mtu anaweza kuilinganisha. Hata hivyo Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha kumi, Jeddah, mwaka 1997, lilitaja kwa uwazi kwamba dawa au chombo kinachoingia kwenye ubongo au uti wa mgongo hakibatilishi funga, kama zisivyobatilisha sindano za ngozi, msuli na mshipa wa damu zisizo za lishe. Ndiyo kauli ninayoiona kuwa na nguvu. Anayetaka kutoka kwenye khitilafu aombe tarehe baada ya Ramadhani, maana maumivu ya miaka miwili hayana haraka ya wiki mbili.

Kufa ganzi kwa kiungo hakutengui udhu. Kinachotengua ni kuondokewa na akili, kwa hiyo aliyepewa dawa ya usingizi pamoja na sindano atatawadha upya. Tone la damu hapo pa sindano halitengui kwa Mashafi. Mahanafi huangalia kama imetiririka. Plasta ya mgongoni haihusiani na udhu kabisa, kwani mgongo si kiungo cha udhu, ila katika josho hufuata hukumu za bendeji.

Mguu uliokufa ganzi haumbebi mtu. Asilazimishe kusimama akaanguka. Hukumu ya Imran bin Huswein inamtosha, naye aliyekuwa na bawasiri akaelekezwa na Mtume (S.A.W.) kusali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hana haja ya kuirudia sala hiyo ganzi ikiisha. Je, akusanye Adhuhuri na Alasiri? Kauli mashuhuri ya Mashafi haikubali kukusanya kwa ugonjwa, lakini Nawawi mwenyewe aliipa nguvu kauli ya kujuzu, nayo ni kauli ya Imam Ahmad, hivyo aliye safarini kutoka Bombo kurudi mlimani, mguu wake mzito kama gogo, ana mahali pa kuegemea.

Zimebaki sindano mbili zinazotofautiana na zilizopita, kwa kuwa hizi hukusudia kuharibu mshipa. Moja hutumia ncha inayochemka kwa mawimbi ya umeme na kuunguza uzi mdogo wa fahamu, ili nafuu idumu miezi mingi. Hii ni ndugu wa kayy ya kina Zahrawi. Wanachuoni wamezikusanya riwaya za kayy, zile za kuizuia na zile za Saad bin Muadh na Ubayy bin Kaab kutibiwa kwayo, kwa kusema kwamba inajuzu kwa haja, na kuitanguliza kabla ya njia nyepesi ndiko kunakochukiza.

Ya pili hutumia alkoholi kali, hasa kwa mgonjwa wa saratani ya kongosho au ya tumbo la juu ambaye maumivu yamemshinda hata kwa mofini. Hapa hukusudiwi kulewa, wala dawa hainywewi, na mgonjwa mwenyewe yuko katika haja iliyo karibu na dharura. Mashafi wanajuzisha kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe halisi pale isipopatikana dawa twahara, kwa kauli ya tabibu mjuzi, na wengi wa wanachuoni wa leo hawaihesabu alkoholi ya hospitali kuwa ni khamri ya kunywa. Fenoli, isiyolevya, hutumika pia kwa kazi hiyo hiyo katika sehemu kadhaa za mwili, na mgonjwa au jamaa zake wanaweza kumuuliza tabibu kama katika hali yake inafaa.